Kwale wa Theluji Hashuki Kiangazi

Ahvaz, 25 Farvardin 1373

Kaka yangu Kheirollah,

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nakusalimu wewe, nausalimu mlima, nausalimu na moto wa baba mafigani. Sisi huku ni wazima kwa kiasi ambacho mtu wa mjini anaweza kuuita uzima.

Mwaka wetu mpya, Nowruz, umeingia na kupita. Nilitandika kitambaa, nikapanga mayai ya rangi, tufaha na ngano iliyochipua. Mama akavitazama, akaniuliza, "Sasa huu ndio mwaka mpya? Mbona hauna baridi?" Mume wangu Mandani akacheka. Mama hakucheka.

Kaka, nikwambie ukweli, nimechoka. Tangu tulipomshusha vuli iliyopita, baada ya kuanguka kwake na kifua kubana, hajatulia hata siku moja. Daktari anasema moyo hauna nguvu ya kule juu, kijijini kwetu Tang-e Zard asahau. Mimi ndiye ninayeyasikia hayo maneno, na mimi ndiye ninayeulizwa kila siku tutarudi lini. Wewe uliyaona mwenyewe: alivyoikumbatia nguzo ya mlango asitake kupanda gari, mpaka ulipoweka mkono juu ya mafiga ukaapa kwamba moto wa baba hautazimika maadamu yeye yuko chini. Ndipo akaiachia nguzo. Kiapo hicho ndicho kinachomweka hapa kwangu. Si mapenzi yangu, wala supu yangu.

Kila alfajiri, kabla sijamaliza kukunja msala, ananiuliza kama moto unawaka, kisha swali ni lile lile. "Kwale wamepanda?"

"Mama, hapa ni Ahvaz. Nitawajuaje kwale wa theluji hapa?"

"Basi muulize kaka yako. Yeye yuko huko."

Nimepatana naye: barua yako ikija, nimsomee, naye ale na ameze dawa bila kunitemea. Basi nakuomba uandike. Niandikie habari za kwale na za moto tu, ndizo anazozitaka. Habari za binadamu amezichoka.

Barua hii naituma kwa Nosrat, dereva yule wa lori. Amesema anapita huko kila wiki.

Dada yako,
Mahbanu

*

14 Ordibehesht

Dada yangu Mahbanu,

Mungu akulipe kwa yale unayoyafanya. Mimi siwezi kukulipa.

Msomee Mama hivi: Theluji imeondoka kwenye ubavu wa kusini, na kwale wameondoka nayo. Yeye mwenyewe alitufundisha kwamba kwale wa theluji hufuata ukingo wa theluji kama mtoto anayeshika pindo la nguo ya mama yake. Theluji ikipanda, anapanda. Ikishuka, anashuka. Kupanda hupanda kwa miguu, anadonoa jani hapa, anachimbua kitunguu mwitu pale, mzito kama bibi harusi aliyevalishwa sketi saba. Kushuka ndiko hushuka kwa mabawa, mara moja, ng'ambo mpaka ng'ambo ya bonde. Madume wanapiga mluzi alfajiri. Majike wameshachagua mawe ya kutagia chini yake, kule juu ambako mbuzi wetu hawafiki. Mbuzi mwitu wapo nao. Mwindaji akinyemelea, kwale anapiga mluzi, mbuzi mwitu wote wanatoweka. Ndiyo maana marehemu baba alimwita mmbea wa mlima.

Kuhusu moto, mwambie asiwe na wasiwasi.

Mimi nipo. Kikohozi kidogo tu, na uchovu wa umri. Mtu wa miaka hamsini na mitatu akiishi peke yake huanza kuongea na birika, halafu siku moja anangoja limjibu. Usimsomee hapa.

Kaka yako,
Kheirollah

*

Ahvaz, 30 Khordad

Kaka yangu,

Ungeona! Barua yako imesomwa mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Mama alikula mkate na mtindi, akaomba tena. Jirani yetu Umm Jasim, ambaye hajaona theluji ila ndani ya friji, sasa anakuja kila jioni kusikiliza. Mama humrekebisha kana kwamba Umm Jasim ndiye aliyekosea. "Si kuku! Nimekwambia si kuku! Ukimweka kwale wa theluji kwenye joto lenu hili, anakufa kabla hujachemsha maji."

Umm Jasim akamjibu, "Bibi, kama joto letu linaua, mbona wewe hufi?"

"Ninakufa. Polepole tu, nisikuudhi."

Tulicheka, lakini mimi niliingia jikoni nikakaa chini kwenye sakafu, kwa sababu hapo pana ubaridi kidogo na hapana mtu wa kuniuliza kitu. Feni inazungusha moto. Usiku namgeuza Mama, mchana nampepea, katikati naswali, na nakiri mbele yako kwamba juzi nilisinzia kwenye sijda mpaka Mandani akadhani nimezimia.

Sasa sikiliza. Mama ana ombi, na ombi lenyewe ni nadhiri. Anataka kupandishwa Mordad, katikati ya kiangazi, kwa siku chache tu, aipashe mikono kwenye moto wa baba, kisha ashuke. Ameapa hatalilia kubaki. Daktari akisikia atanifukuza, lakini Mandani anasema tukienda polepole na kulala njiani huenda ikawezekana. Unasemaje?

Jambo moja la kuchekesha. Mama aliinusa barua yako akasema, "Mlima gani huu unanuka samaki?" Nikamwambia Nosrat siku hizi anabeba samaki wa maji baridi. Au sivyo?

Dada yako,
Mahbanu

*

12 Tir

Dada yangu Mahbanu,

Msimlete. Tafadhali. Njia imebomolewa na maji ya masika, lori lenyewe linapita kwa dua. Na moyo wake ule, mkikwama juu ya kona mtafanya nini? Mnisubiri nitazame hali, pengine mwakani, Mungu akipenda.

Ndiyo, Nosrat anabeba samaki.

Msomee Mama hivi, ili asione kama amekosa kitu: Mama, huna haja ya kupanda, maana kwale wenyewe wamekuja mlangoni. Jana asubuhi nimetoka nikamkuta jike na vifaranga wake, wanane au tisa, wanakunywa kwenye chemchemi yetu, pale chini ya mti wa pea mwitu, hatua chache tu kutoka kizingitini. Nilisimama kimya nikawatazama. Nilikukumbuka wewe. Nyumba ipo, chemchemi ipo, kila kitu kipo kama ulivyokiacha. Tulia, kula, meza dawa.

Kaka yako,
Kheirollah

*

Ahvaz, 28 Tir

Kheirollah,

Leo sikuanza kwa salamu, utanisamehe.

Barua yako niliisoma jioni, Umm Jasim yupo, Mandani yupo, chai imeshamiminwa. Nilipofika pale pa chemchemi na vifaranga, Umm Jasim akasema, "Mashallah, mashallah!" Mama akanyanyua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Barua imeandikwa mwezi gani?"

"Tir, Mama. Mwezi huu huu."

Akaanza kukunja shuka lake, kulia, kushoto, kama mtu anayefunga mizigo. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu hayuko nyumbani."

"Mama, si ameandika..."

"Ameandika kama mtu wa mjini! Tir, kiangazi hiki, kwale wa theluji na vifaranga wake wanatafuta nini chemchemini kwetu? Wako juu, kwenye mabaka ya theluji ambayo hayajayeyuka, wanakunywa maji ya theluji. Mlangoni hushukia wakati gani? Sema, wewe si umezaliwa kule?"

"Theluji ikiwasukuma, Mama. Miezi ya baridi, Azar, Dey."

"Basi! Ama kwale amerukwa na akili, ama mwanangu hajakanyaga kizingiti changu tangu majira ya baridi. Na mimi kwale namwamini zaidi."

Mandani akajaribu kumtuliza. "Mama mkwe, labda mwaka huu ndege wamebadilika."

"Ndege hawabadiliki ili kumfurahisha mgonjwa, Mandani. Watu ndio hubadilika."

Akageukia ukutani. Tangu hapo hajala ila maji na tende moja, na hiyo tende ni kwa sababu nilimwapia kwa Bibi Zahra, binti wa Mtume. Hatukani wala halii. Nilikuwa nimezoea kutukanwa, kaka. Kimya hiki sikijui.

Nimezitoa barua zako zote nikazisoma upya. Hukuandika mahali unapoandikia hata mara moja. Hukuandika hata mara moja kwamba moto unawaka. Uliandika "asiwe na wasiwasi". Nakujua, wewe ni mtu wa swala tano, uliogopa kuandika uongo ukawa unapita pembeni yake. Siku ile moja uliyothubutu kusema uongo wenyewe, kwale akakushika.

Nilimngoja Nosrat kituoni nikamkamata kwa kola. "Kaka yangu yuko wapi?"

"Dada Mahbanu, mimi ni dereva tu. Nabeba samaki, nabeba barua. Nilikula kiapo."

"Kiapo cha nini?"

"Sasa nikikwambia si nitakuwa nimekivunja?"

Kheirollah, Mama amesema neno moja tu tangu juzi, nami nalileta kama lilivyo: "Kama moto umezimika, aniambie yeye. Nisiambiwe na ndege."

Andika. Andika haraka, anadhoofika.

Mahbanu

*

Chal-Sepid, kwenye mabwawa ya samaki, 3 Mordad

Dada yangu, na Mama yangu atakayesomewa,

Astaghfirullah. Sasa naandika mahali, kama unavyoona.

Chal-Sepid ni pale chini ya kona ya mwisho ya lami, mto unapotoka kwenye mawe. Kuna mtu amechimba mabwawa ya samaki, nami ni mlinzi wake. Nina chumba kimoja, dirisha moja, na jiko la gesi. Niko hapa tangu mwisho wa Bahman, baridi ikiwa kali.

Ilikuwa hivi. Theluji ilianguka mpaka ikaziba mlango, nikawa naingia na kutoka kwa dirisha la zizi. Majirani wote walikuwa wameshuka tangu vuli, hilo mlijua. Kile ambacho hamkujua ni kwamba kifua kilinikamata. Mbuzi walikufa mmoja baada ya mwingine, nami nikiwa nimelala nawasikia. Kuni za ndani ziliisha. Nilichoma vigingi vya hema, nikachoma kitanda cha mtoto alichochonga baba, kisha nikakaa nikiutazama mlango, nikajua kwamba kinachofuata ni mlango. Nikauchoma, Mama. Uliwaka siku mbili. Baada ya hapo hapakuwa na mlango wala kuni, na mimi nilikuwa nakohoa damu. Niliyafukia makaa kwa majivu kama ulivyotufundisha, nikasoma Fatiha kana kwamba nazika mtu, nikashuka kwa magoti na matako mpaka lami. Nosrat ndiye aliyenikuta.

Niliporudi masika kutazama, paa lilikuwa limekaa juu ya mafiga. Nikageuka. Sijapanda tena.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu Mama aliiachia nguzo kwa ajili ya neno langu. Nilijiambia, akijua, atarudi mwenyewe hata kwa kutambaa, afie njiani. Nikajiambia pia kwamba namlinda. Nadhani nilikuwa najilinda mwenyewe, lakini nimechoka sana kiasi kwamba siwezi tena kutofautisha.

Habari za kwale za masika sikuzizua, nilizikumbuka. Hizi za chemchemi nilizizua, kwa hofu. Kama Mama anataka ya kweli, ninayo moja tu. Bahman, nikiwa nimelala hapa na homa, niliwaona kwa dirisha. Walikuwa wameshuka kwenye ubavu wa kusini, juu ya mabwawa, pale upepo unapofagia theluji na nyasi kavu zinajitokeza. Walikuwa wengi, wamejikunyata pamoja. Sikujua kama wanafika chini kiasi hiki.

Sina la kujitetea. Mama aseme atakavyo.

Kheirollah

*

Ahvaz, 11 Mordad

Mwanangu Kheirollah,

Anayeandika ni Mahbanu, anayesema ni mimi. Nimemkataza kulainisha neno. Akilainisha nitajua, maana anapolainisha hukohoa.

Kwanza, una kifua namna gani sasa? Jibu hilo kabla ya mengine.

Pili, la moto sitalizungumza kwa karatasi. Nitalizungumza uso kwa uso, na hutalipenda. Baba yako aliuvusha moto ule njaa mbili na vita vya watu wa ng'ambo. Usidhani kwa kuwa umenililia kwenye barua basi nimeumeza uchungu. Bado uko hapa kooni. Lakini mlango ulifanya vizuri kuuchoma. Mlango hutengenezwa. Wewe ningekutengeneza na nini, umri huu?

Tatu, wewe ni mjinga. Mahbanu amekohoa, kwa hiyo narudia: wewe ni mjinga! Miezi yote hii mimi nimekaangwa kwenye sufuria hii ya Ahvaz kwa sababu nilidhani kuna mahali pawili tu duniani, juu kwenye moto na chini kwenye joto. Kumbe mwanangu amekaa katikati, penye maji baridi, mlima uko dirishani, na hasemi! Ungeniambia Nowruz, ningekuwa nimekuja Nowruz. Nani alikwambia nataka nyumba? Nyumba za hema nilizibomoa kila vuli na kuzisimamisha kila masika, ujana wangu wote tukihama na mifugo. Nilikuwa nashikilia ile nguzo kwa sababu wewe ulikuwa ndani. Moto niliuulizia kila siku kwa sababu haiulizwi moja kwa moja, "Je, mwanangu yu hai?" Moto hauwaki wenyewe. Ukiwaka, kuna mtu.

Kwale wa theluji anapochoshwa na theluji anashuka, wala hakuna aliyewahi kumwita mwoga. Kosa lako si kushuka. Kosa lako ni kuniacha nikusemeshe mahali ambapo hupo.

Mahbanu amemuuliza daktari kama naweza kukaa hapo Chal-Sepid, ambapo si juu sana. Daktari amekubali papo hapo, bila hata kubishana. Kwa hiyo fagia chumba. Samaki siwapendi, usinipikie. Nosrat anakuja kunichukua Ijumaa ya wiki ijayo.

Mama yako,
na kidole gumba chake hiki hapa chini

*

Ahvaz, 21 Mordad, Ijumaa asubuhi

Kaka yangu Kheirollah,

Hii anayo Nosrat mfukoni, si Mama. Isome peke yako, nyuma ya lori, kisha itupe mtoni.

Mama ameketi mbele, juu ya mto wangu wa manyoya. Dawa za asubuhi ziko kwenye kitambaa cheupe, za usiku kwenye cha bluu. Usiku mgeuze upande wa kushoto, kulia kifua kinamziba. Atakataa. Mgeuze tu. Akikutukana ujue ana nguvu. Akinyamaza, mpe maji kwa kijiko na umsomee Yasin, hata kama anasema hajafika huko. Anapenda chai yake iwe imepoa nusu. Umm Jasim amemfungia tende za kutosha kijiji, na alilia hadi Mama akamwambia, "Nyamaza wewe, utanichelewesha."

Sasa lile ambalo sikuliandika wakati Mama ananiandikisha. Daktari alikubali, ni kweli. Nilimwambia habari za mahali ulipo, kimo chake, baridi yake, na umbali wa hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nimebishana na mtu yule tangu vuli, kila kitu kwake kilikuwa hapana: chumvi hapana, ngazi hapana, safari hapana. Safari hii hakufungua hata faili. Alivua miwani akasema, "Dada, mpelekeni popote roho yake inapotaka." Nikaelewa. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, kwenye jua lile, nikaingia nikitabasamu, nikamwambia Mama daktari amekubali.

Sikutaka kukuficha. Tumefichana vya kutosha sisi wawili. Huenda ni majira mamoja ya baridi, huenda si hata hayo, Mungu ndiye ajuaye. Nitakuja baada ya Maulidi, nikishalala. Naona aibu kuandika hivi, lakini nataka kwanza kulala.

Nilidhani nimemficha Mama vizuri. Leo alfajiri nilikuwa namfunga shela, nikalifunga fundo, nikalifungua, nikalifunga tena. Akanishika vidole.

"Acha, nitafunga mwenyewe. Nawe usijisumbue na uso huo, Mahbanu. Tangu lini daktari yule akakubaliana na mimi mara moja?"

Akapanda lori, bila kushika nguzo yoyote.

Dada yako,
Mahbanu